Masaa Sita Kutoka Mumbai

"Usinifundishe matanga, Gurdip! Ninyi mtu wenu akifa asubuhi, jioni mmeshamaliza. Sisi wetu tunamngojea mtu mpaka afike."

"Mnamngojea," Gurdip akasema, "na mwenyewe hajui anangojewa. Hiyo ni kungojea gani, Mama Audrey?"

Tulikuwa tumesimama katikati ya barabara, mimi na kandambili na leso kiunoni, yeye na kilemba chake cha Kisingasinga cha kijani na ufagio mkononi. Tangu wazoa taka wagome, kila mtu hapa Lozells, Birmingham, alikuwa anafagia mbele ya mlango wake kabla panya hawajamfagilia. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Mapazia yalikwisha anza kucheza madirishani, na yule jamaa wa duka la mboga pale kona alitoka nje akajifanya anapanga viazi.

"Punguza sauti," nikamwambia.

"Sipunguzi. Mtu amefiwa na mama yake mzazi. Simu unayo, namba unayo. Piga."

Mtu mwenyewe alikuwa Barnabas, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Akikohoa kwake mimi nasema pole kwangu. Ni Mkisii, miaka hamsini na saba, anawalea wazee katika nyumba moja ya wazee kule Hodge Hill, anaishi peke yake na kabati lililojaa madaftari. Ndani ya madaftari hakuna kitu ila namba za treni. Jumamosi wenzake wanaenda harusini, yeye anaenda stesheni ya New Street na chupa ya chai, anasimama mwisho wa jukwaa na wale Wazungu wa makoti ya mvua, anaandika namba ya injini, saa iliyofika, saa iliyoondoka. Nilimuuliza mara ngapi inamsaidia nini. Alinijibu mara moja tu. Mama yake, Bibi Kerubo, alikuwa anatoka Kisii na ndizi kwenda kuwauzia abiria stesheni ya Kisumu, yeye akiwa amefungwa mgongoni. "Mimi nilijua mlio wa treni kabla sijajua kuongea," aliniambia. Baada ya hapo sikumcheka tena, isipokuwa kidogo.

Gurdip ndiye mwenzake wa ugonjwa huo. Alizaliwa Nakuru, baba yake alikuwa dereva wa reli, akaja Birmingham akiwa na miaka kumi na tisa. Kiswahili chake kilibaki na umri huo huo. Treni kwake ni gari la moshi, Mumbai kwake ni Bombay. Miaka mitatu wamekaa jikoni kwa mke wake Rupa, ramani ya India imetandikwa mezani kama kitambaa, wanapanga safari. Delhi, halafu Kolkata, halafu ile treni ndogo ya mvuke inayopanda milima ya Darjeeling, halafu kuvuka nchi nzima mpaka Mumbai. Magoti ya Gurdip yakakataa. Basi ikawa Barnabas aende kwa niaba ya wote wawili, na kila siku amtumie Gurdip sauti za magurudumu kwenye simu.

Simu ndiyo iliyoleta maneno yote haya. Simu yake ya kawaida, yenye magrupu ya ukoo na ya kanisa na ya watu wanaotaka kukopeshwa, Barnabas aliizima akaiacha kwenye droo ya jikoni kwake. Akasema atanunua simu ndogo na laini ya huko huko. Namba akatutumia watu wawili tu, Gurdip na mimi.

"Wiki tatu, Mama Audrey," aliniambia siku ya kuondoka. "Miaka ishirini na mbili simu ya nyumbani inalia, mimi napokea. Wiki tatu nataka kusikia treni peke yake. Kukiwa na neno, watakupigia wewe." Na namba yangu akampa mdogo wake, Derrick.

Derrick alinipigia Jumapili nikitoka kanisani. Bibi Kerubo alikuwa ameamka vizuri, akanywa uji, akasema anajilaza kidogo. "Mama amelala," Derrick akasema, na sauti yake ikanionyesha ni kulala gani. "Tunazika Jumamosi. Kaka ndiye kifungua mimba, yeye ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Mama Audrey, tafuta njia nzuri ya kumwambia."

Njia nzuri kwetu inajulikana. Mtu haambiwi akiwa njiani. Unamngoja afike, avue viatu, ale, kwa sababu akishasikia hatakula tena siku tatu. Watu wanakuwa wamejaa nyumbani, wawili wenye nguvu wanakaa karibu naye, ndipo mtu mzima anasema. Gisèle wa Goma, tunayepika naye kila Jumapili, yeye alipigiwa simu akiwa juu ghorofani ndani ya basi, anaenda kazi ya kufagia maofisi Digbeth. Dada yake amefariki Manchester. Alishuka zile ngazi bila kuziona. Alivunjika mkono, na watu wakatoa simu, wengine kuita ambulensi, wengine kupiga video. Tangu siku hiyo kwangu ni sheria, habari ya msiba haisafiri kwa simu.

"Na huyu yuko ndani ya treni," nikamwambia Gurdip pale barabarani. "Treni zenyewe milango yake haifungwi, wewe mwenyewe ulituonyesha video, watu wananing'inia kama nguo. Nimpigie amesimama mlangoni?"

"Kutoka Bombay mpaka Nairobi ni masaa sita. Ndege moja. Mtu huyu yuko karibu na mama yake kuliko wewe na mimi. Wewe unamvuta aje mpaka huku mbali, ndipo umwambie arudi."

Sikumwamini. Sema kweli, sikujua. Kichwani mwangu aliyeondoka Birmingham lazima arudi Birmingham kwanza, kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilidhani dunia yote inapitia hapa kwetu.

"Basi nitampigia mimi," akasema.

"Wewe nani wake?" Maneno yalinitoka kabla sijayaonja. "Wewe ni wa reli tu. Mambo ya mama yake ni ya watu wake."

Gurdip alinitazama. Miaka kumi na moja tumevushiana sahani barabara ile, sambusa zikija, chapati zikienda, na sikuwahi kumwona na uso ule. Aliuegemeza ufagio ukutani, akaingia kwake, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Mchana nyumba ilijaa. Watu wetu ukiwaita kwenye mkutano wanakuja watano. Sikia msiba, viti havitoshi. Kufikia saa kumi, kuanzia Lozells mpaka Hodge Hill, kila Mkenya alijua kwamba Bibi Kerubo amefariki, na nusu ya Wakongo. Asiyejua alikuwa mmoja. Nilisimama mlangoni nikiwaonya kila anayeingia: hakuna kuweka picha mtandaoni, hakuna kuandika pole kwenye grupu, mwenyewe hajaambiwa. "Ataambiwa lini?" "Akifika. Niachieni mimi." Kila aliyeuliza alielekezwa kwangu, na mimi nilijibu, nikajibu tena, nikimimina chai. Moyo ulikuwa mzito, na bado kulikuwa na raha fulani katika kuulizwa. Nasema hivyo kwa sababu kuficha hakujanisaidia kitu.

Audrey wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi na simu yake. Huyu alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote, kujibu anajibu Kiingereza.

"Mum, Uncle Gurdip's right. There's a direct flight. Thursday. Six hours."

"Mambo ya watu wazima, Audrey."

"Just look."

Nikatazama. Kulikuwa na mstari mwembamba umepinda juu ya bahari, upande huu Mumbai, upande ule Nairobi, na England haikuonekana hata kwenye ramani. Nilirudi jikoni nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikaamua: kesho asubuhi nampigia.

Kesho yake akanitangulia kupiga.

Ilikuwa yapata saa tano. Nilikuwa na Gisèle jikoni, tunamenya viazi vya watu wa jioni. Namba ndefu ya India ikatokea.

"Mama Audrey! Sikia! Sikia kwanza, usiseme kitu!"

Akatoa simu nje. Jikoni kwangu kukajaa chuma na upepo, ta-tak ta-tak, ta-tak ta-tak, halafu honi ndefu iliyomfanya Gisèle ashike kifua.

"Umesikia? Mabehewa ishirini na mbili! Injini moja tu inavuta, na wala haihemi! Tumetoka Kolkata jana, Mumbai tunaingia kesho. Mama Audrey, mimi sijalala, nalala vipi? Usingizi ni kupoteza stesheni."

"Barnabas," nikasema.

"Ngoja nikuambie. Stesheni iliyopita amepanda mama mmoja na kapu la ndizi. Mzee, miguu mitupu, anapita kati ya watu kama maji. Nimenunua zote. Kapu zima! Nimegawia behewa, watoto, askari, kila mtu. Nikamwambia 'asante mama', akanijibu kwa lugha yake, akanishika hapa kichwani. Mimi mzee mzima, machozi hayo." Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Huku kwetu kicheko chake ni cha pua tu. "Nikirudi lazima niende nyumbani nikamwambie. Desemba hii, hata iweje. Gurdip mbona hapokei simu?"

"Yake imeharibika," nikasema.

"Mpe pole. Mwambie namrekodia. Na nyumbani, Derrick amepiga? Mama hajambo?"

Gisèle aliacha kumenya. Kisu kilikuwa hewani na kipande cha ganda kinaning'inia.

Neno lilikuwa limekuja mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimelipanga tangu alfajiri, mpaka namna ya kuvuta pumzi. Lakini nilikuwa nasikia upepo.

"Umesimama wapi, Barnabas?"

"Mlangoni! Wapi tena? Hapa ndipo mahali."

"Wote wazima," nikasema. "Wanakusalimia."

"Mungu ni mwema," akasema. Laini ikakatika.

Gisèle aliweka kisu chini. "Mama Audrey, umemudanganya."

"Nimemwokoa. Wewe si ndiye ulianguka ndani ya basi?"

"Njo vile, nilianguka." Akauinua ule mkono ambao mpaka leo haunyooki. "Mukono ulivunjika. Lakini dada yangu nilimuzika. Nilikuwa na plaster mupaka hapa, lakini nilimuzika."

Nikapiga ile namba. Haipatikani. Nikapiga tena, mara nne, mara tano. Huenda ni milima, huenda ni betri. Na kila nilipopiga, kidole kilizidi kuwa kizito, kwa maana sasa habari zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba mama yako amekufa. Ya pili ni kwamba uliniuliza nikakudanganya. Ya kwanza ningeweza kuisema. Ile ya pili ilikaa mbele yake mlangoni kama mtu mnene, haipishi. Ilipofika jioni nilijiambia: akifika Mumbai, akiwa ametulia hotelini. Na aliponitumia ujumbe kuwa ametulia hotelini, nilijiambia: sasa amechoka.

Jumatano Derrick akapiga. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wakipigilia misumari, wanasimamisha hema.

"Mama Audrey, umemwambia?"

"Niliongea naye jana."

"Anasemaje?"

Sijui kama kuna mtu amewahi kujua ni kwa nini ulimi wake unafanya kitu. Nilitaka siku. Nilitaka wasogeze mazishi, wiki moja tu, arudi, ale, aambiwe kama mtu, apande ndege na sisi tukimsindikiza.

"Anamalizia safari kwanza," nikasema.

Misumari iligongwa mitatu, minne.

"Anamalizia safari," Derrick akasema.

"Ndiyo. Labda mkisogeza..."

"Sawa, Mama. Asante kwa kutusaidia." Akanishukuru. Ni mtoto aliyelelewa vizuri.

Nilidhani watasogeza. Alhamisi ndege ile ya mstari mwembamba iliondoka Mumbai. Niliiona kwa simu ya Audrey, kidude kidogo kinatambaa juu ya bluu, na kiti kimoja ndani yake kingekuwa cha mtu ambaye muda huo alikuwa juu ya daraja la stesheni na daftari. Ijumaa nilivuka barabara, nikasimama mbele ya mlango wa Gurdip. Sikubisha. Ningesema nini? Kwamba mimi ndiye wa kumwambia, na nimeshindwa, amwambie yeye ambaye si wa kumwambia?

Jumamosi tuliangalia mazishi kwenye televisheni yangu, watu ishirini na kitu, kwa kuwa siku hizi hata kaburi linarushwa mtandaoni. Jua lilikuwa kali Kisii. Migomba ilionekana nyuma ya hema. Jeneza lilishushwa, na msemaji akashika maikrofoni, akasema sasa ni wakati wa kifungua mimba. Watu walitazamana. "Kifungua mimba," yule msemaji akasema, "tumeambiwa yuko India. Anatazama treni." Wengine wakacheka, kile kicheko cha mazishini ambacho watu wanacheka wakiangalia chini. Derrick hakucheka. Aliinama akachukua udongo.

Sebuleni kwangu hakuna aliyenitazama. Audrey alizima televisheni kabla wimbo haujaisha, akapanda juu.

Akarudi Jumatatu.

Nilikuwa nimefanya kila kitu kama inavyotakiwa, kwa maana nilikuwa sina kingine cha kufanya. Ugali, kuku wa kienyeji niliyemtafuta mpaka nikampata, sombe ya Gisèle, kile kisamvu cha kwao, wali kwa wale wasiokula ugali. Mchungaji alikuja. Wanaume wawili wenye mabega walikaa karibu na kiti cha katikati. Kwa Gurdip nilimtuma Audrey. Alirudi akasema Uncle hatakuja.

Barnabas aliingia saa nane mchana, begi mgongoni, uso umeungua, amekonda akapendeza. Nilikuwa nimemtumia ujumbe apite kwangu kwanza ale. Nilimsikia anasema mlangoni, "Ah! Viatu vyote hivi! Mmenifanyia sherehe?" Akaingia na daftari mkononi, limevimba kwa karatasi alizochomeka, tiketi za jukwaa na nini, akaanza kusema, "Wacha niwaambie kuhusu Darjeeling..."

Kisha akaona leso zimefungwa viunoni. Akamwona mchungaji. Akakiona kile kiti kimoja kitupu katikati na wale wanaume wawili.

Mtu wa kwetu huhitaji kumwambia. Nyumba ndiyo inasema.

"Nani?" akauliza.

"Kaa kwanza, Barnabas. Kula kidogo."

"Nani, Mama Audrey?"

Mtu alikuwa ameshamwekea sahani mikononi. Aliishika sawa, kama mtu aliyepewa mtoto wa wengine.

"Ni mama," nikasema.

Hakuanguka. Wale wanaume waliinuka bure. Alisimama tu, akatikisa kichwa mara nyingi nyingi, kidogo kidogo, halafu nikaona kitu ambacho kama ningejua nitakiona ningekunywa sumu kwanza: uso wake ulianza kupanga. Mtu wa ratiba ni mtu wa ratiba.

"Sawa," akasema. "Sawa. Leo Jumatatu. Kuna ndege ya jioni kupitia Doha. Kesho asubuhi niko Nairobi, mchana niko Kisii. Wanazika lini? Waniambie tu lini. Hata kama ni kesho kutwa, nafika."

Mchungaji alikohoa. Mtu alivuta kiti.

"Walizika Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi gani?"

"Hii iliyopita."

"Alikufa lini?"

"Jumapili. Ile nyingine."

Akafikiri. Niliona vidole vyake kwenye ukingo wa sahani vinahesabu siku, kimoja, kingine, kingine, vikasimama.

"Jumanne nilikupigia," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, Barnabas."

Aliitafuta meza, akaiweka sahani chini bila sauti, daftari akaliweka kando yake, akatoka. Tulisikia mlango wa kwake. Kupitia ukuta tulisikia droo ya jikoni. Watu ishirini na watano sebuleni kwangu, wote tumetegea ukuta sikio. Ilichukua muda simu kuwaka. Halafu zikaanza kuingia, kengele moja baada ya nyingine, ujumbe wa wiki tatu, tin, tin, tin, mpaka ukuta ukawa kama una ugonjwa.

Nilipotoka, nilimkuta amekaa kwenye kile kiukuta kifupi cha matofali mbele ya nyumba zetu, mvua ya rasharasha, kichwa wazi. Alininyoshea simu nisome. Ilikuwa ya Derrick, ya Jumamosi jioni. *Tumemaliza. Mama amelazwa. Malizia safari yako, kaka. Usijisumbue kupiga.*

"Ni nani alisema namalizia safari?" akauliza. Hakufoka. Aliuliza kama anavyouliza jukwaa ni lipi.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilimweleza. Basi la Gisèle, mlango wa treni, njia nzuri, nilivyotumaini watasogeza. Nje pale, kwenye mvua, kila neno lilikuwa dogo kuliko lilivyokuwa jikoni.

"Nilikuwa Mumbai siku nne," akasema. "Siku ya Jumamosi nilikaa kwenye benchi moja stesheni ya Dadar kuanzia asubuhi mpaka jua likashuka. Sikuhama hata kwenda kunywa maji, nisipoteze hata moja. Niliandika treni mia nne na kumi. Nilisema sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii maishani."

Alimpigia Derrick. Ilikatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Nikachukua yangu nikapiga, na kwangu Derrick akapokea, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu mwema aliyewasaidia. Nikaweka sauti kubwa. Nikasema yote, pale pale, nikisikilizwa na barabara nzima: hakujua, sikumwambia, alinipigia akauliza nikamficha, yale maneno ya kumalizia safari ni yangu, si yake.

Kuku walisikika upande ule.

"Mama Audrey," Derrick akasema, "sasa unataka tufukue?"

"Nataka ujue, mwanangu."

"Nimejua. Wengine mia sita walioketi hapa nitawaambiaje? Nizunguke nyumba kwa nyumba?" Akavuta pumzi. "Yupo hapo?"

Barnabas aliinua kichwa.

"Yupo," nikasema.

"Mwambie..." Derrick akasema. Nikasikia mlango, na watoto, na mtu akimwita. "Sijui. Usimwambie kitu." Akakata.

Nyuma yangu watu walianza kutoka. Hakuna aliyeaga. Walivaa viatu kimya kimya, wakapita kati ya mapipa ya taka mmoja mmoja, wakimpitia Barnabas kwa mbali kama mtu anavyopitia magari yaliyogongana. Mchungaji alimgusa bega akasema ataomba. Gisèle alitoka wa mwisho. Alisimama mbele yake, akamwambia "Yaya, pole," kwao yaya ni kaka, akaninyima macho, akaenda zake kungoja basi. Ndani masufuria yalikuwa bado yamejaa na yamefunikwa.

"Barnabas," nikasema. "Tuingie ndani. Utalowa."

Nilimgusa mkono, akautoa, si kwa hasira, alivyoutoa ni kama mtu anayetoa mkono kwenye kitu chenye unyevu.

Tukakaa hivyo. Yeye ukutani, mimi nimesimama, sijui niende wapi kwa sababu mlango wangu ulikuwa wazi na hakukuwa na mtu ndani. Sijawahi kuiona nyumba yangu vile.

Mlango wa ng'ambo ya barabara ukafunguka. Gurdip alibaki kizingitini ameshikilia fremu, magoti hayamruhusu ngazi wakati wa mvua. Rupa ndiye aliyevuka, mtandio wake wa dupatta kichwani, slipa zikipiga maji. Alipita mbele yangu bila neno. Akasimama karibu na Barnabas, akaondoa begi mgongoni mwake, kamba moja, kamba nyingine, akalitundika begani kwake mwenyewe.

"Ndugu yangu," akasema, "njoo ndani ule."

Barnabas alikuwa anaitazama simu mkononi, imezimika.

"Barnabas," Rupa akasema tena. "Chakula kiko mezani. Njoo."